Kabati la Mtoto: Gisozi au Uani?

Mtoto akifika umri wa kujivalisha mwenyewe, nguo zake zinataka mahali pake. Kigali mzazi huwa na njia zinazojulikana. Anaweza kwenda Agakiriro ka Gisozi, wilayani Gasabo, walikohamishiwa mafundi wa Gakinjiro ya zamani iliyokuwa karibu na katikati ya mji, akaagiza kabati la mbao. Anaweza kununua dukani la melamini lililokwisha kuungwa. Asipokuwa na hela, sanduku linaendelea kukaa chini ya kitanda. Njia nyingine inayozungumzwa ni kununua ubao wa MDF, kuupima, kuuunga na kuupaka rangi nyumbani, mzazi mwenyewe akishika msasa na brashi.

Njia hiyo inawagawa watu, na sababu za pande zote ni nzito: zinagusa mapafu ya mtoto, riziki ya seremala na usalama wa chumba cha kulala. Nimezipanga hoja hizo katika vinywa vya watu watatu. Mama anaishi Nyamirambo, ana binti wa miaka sita, na ndiye anayetaka kujenga. Fundi ni seremala wa Gisozi mwenye umri wa kuitwa mzee, na ufundi aliupata Bukavu. Mwalimu ni kaka mkubwa wa Mama; anafundisha kemia sekondari. Mimi ninaegemea upande wa Mama, lakini si kwa sababu anayoanza nayo.

MAMA: Nataka kabati la urefu wa mita moja na nusu, upana sentimita 90, kina sentimita 45. Kabati la mtu mzima linahitaji kina cha karibu 60 kwa sababu ya upana wa mabega ya koti lake. Hanga ya mtoto haifiki huko, kwa hiyo chumba kidogo kinabaki na nafasi ya kuchezea. Fimbo ya kutundikia nataka iwe pale mkono wa binti yangu unapofika, na matundu mengine juu yake ya kuipandishia akirefuka. Hilo sijalikuta dukani. Nimepiga na hesabu: mbao mbili za MDF za futi nane kwa nne, unene milimita 18, na moja ya milimita sita kwa mgongo. Ubao wa kwanza unatoa mbavu mbili, dari na sakafu. Wa pili unatoa milango miwili na rafu.

FUNDI: Hesabu yako nimeipenda, mama. Shida haiko kwenye hesabu, iko kwenye mikono. Ubao mmoja wa milimita 18 una kilo zisizopungua 40 hivi. Utaukatia wapi? Kwa msumeno wa mkono, uani, mstari wa mita mbili unusu? Ukipinda milimita tatu, mlango hautafunga. Halafu MDF haina nyuzi ndefu kama mti. Ni nyuzi fupi za mti zilizobanwa. Ukipiga skrubu ukingoni bila kutoboa kwanza, inafunguka matabaka, na hapo hakuna gundi itakayoirudisha.

MAMA: Kukata sitakata, mzee. Nitaleta vipimo Gisozi, mashine ikate, nilipe kila mkato. Na tundu la bawaba, lile la milimita 35, nitaomba mlitoboe huko huko.

FUNDI: Kwa hiyo kazi yangu unaitaka nusu.

Wengi wakifika hapa hudhani mjadala umekwisha, wakaanza kusemezana kuhusu bei. Ninaona ndipo unapoanza. Mama amekubali kwamba kuna kazi inayomshinda: mkato ulionyooka unataka mashine yenye meza na reli, na nyumba yenye mashine hiyo haipo Nyamirambo wala Kacyiru. Swali la haki linakuwa ni sehemu gani ya kazi inafanyika vizuri zaidi nyumbani kuliko karakana. Fundi anaamini hakuna. Kabla hajaeleza, Mwalimu anaingia kutoka upande ambao hakuna kati yao aliyeutazamia.

MWALIMU: Mimi naona mnabishana nani ashike nyundo wakati ubao wenyewe hamjauuliza maswali. MDF inashikanishwa na gundi, na gundi inayotumika zaidi ni ile ya yurea na formaldehaidi. Ubao ukishatoka kiwandani gundi hiyo huendelea kuachia formaldehaidi hewani kidogo kidogo, nyingi zaidi miezi ya mwanzo, na zaidi chumba kikiwa na joto au unyevu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehaidi katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 2004. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa hewa ya ndani wa 2010, liliweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa nusu saa. Dada, wewe unataka kuweka mita kadhaa za mraba za ubao huo katika chumba anacholala mtoto, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya mbu.

FUNDI: Asante, mwalimu. Ndiyo nasema siku zote: achukue mbao ngumu, libuyu.

MWALIMU: Subiri, mzee. Kabati lako la libuyu mgongo wake ni wa nini?

FUNDI: Tripleksi.

MWALIMU: Ambayo ni plaiwudi, nayo imeunganishwa kwa gundi. Na vanishi mnayopuliza ina thina. Siisemi mbao ngumu vibaya. Ninasema kila kabati jipya linatoa kitu hewani, na mwenye akili anauliza ni kitu gani, kiasi gani, na kwa muda gani. Kwa MDF kuna jibu la kwanza: muulize muuzaji daraja la ubao. Ulaya hutumia alama ya E1 kwa mbao ambazo zikipimwa haziongezi hewani zaidi ya miligramu 0.124 kwa mita ya ujazo. Zipo za E2, zinazotoa zaidi. Ubao usio na alama yoyote, na ukiunusa macho yanawasha, uache hapo hapo dukani hata ukipewa nusu bei.

MAMA: Na nikipata wa E1, kaka, utalala usingizi?

MWALIMU: Nitalala ukiziba kingo.

Nimsaidie Mwalimu hapa, kwa sababu kauli yake fupi ndiyo kiini cha kazi yote na wauzaji hawaisemi. Ubao wa MDF ukiutazama una nyuso mbili laini, ngumu, zilizobanwa sana na mashine za joto za kiwandani. Katikati yake ni laini zaidi na ina vinyweleo. Ukikata, unafungua hiyo katikati. Gesi hutoka kwa wingi zaidi ukingoni kuliko usoni, maji huingilia hapo, na rangi hunyweka hapo mpaka ukingo unabaki mkavu na wa kukwaruza wakati uso unang'aa. Mambo matatu hayo, afya, uimara na uzuri, yanatibiwa kwa dawa moja: kila ukingo uliokatwa, kila tundu lililotobolewa, na upande wa nyuma usioonekana, vifungwe kabisa kabla kabati halijaunganishwa. Anayepaka rangi kabati lililokwisha kusimama amepaka sura tu. Chini ya kabati hilo, mahali kitambaa chenye maji cha kupigia deki kitakapopita kila asubuhi, ubao uko wazi, na msimu mmoja wa mvua za itumba unatosha kuuvimbisha. Uvimbe wa MDF hauondoki ukikauka.

MAMA: Basi nieleze hatua, mzee. Hili swali nakuuliza wewe, si kaka yangu.

FUNDI: Ukingo uupitie msasa namba 180 mpaka kidole kisikwame. Uupake mastiki ya mbao, nyembamba, ikauke, msasa tena. Halafu praima. Praima ya kwanza iwe ya mafuta, kwa sababu ile ya maji inainua nyuzi na utajuta. Ikikauka, msasa 240 kwa mkono mwepesi, ufute vumbi, praima ya pili. Ukingo ukikushika bado una kiu, unapaka ya tatu. Halafu ndiyo rangi yenyewe, mara mbili, kwa rola ndogo ya sponji, na kila mara katikati msasa. Vipande vyote vikiwa vimelala, havijaungwa.

MAMA: Na Gisozi mnafanya yote hayo?

FUNDI: Mama, nikuambie ukweli. Mteja analipa leo anataka kabati kesho kutwa. Nafasi ninayosimamisha kabati lako nailipia kodi. Na Agakiriro kameshaungua zaidi ya mara moja. Kazi iliyokwisha hatupendi ilale pale pamoja na thina na unga wa mbao. Tunapuliza kwa kompresa, inang'aa, inapakiwa jioni. Nikikaa na kabati lako wiki mbili nikingoja rangi ikomae, watoto wangu watakula nini?

Fundi amesema bila kukusudia sababu inayonifanya niunge mkono kabati la nyumbani. Mama alianza na vipimo: hakuna dukani kabati linalomfaa mtoto wake. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa maana seremala yeyote wa Gisozi anaweza kufuata vipimo hivyo. Nyumbani kuna kitu ambacho karakana haiwezi kukiuza kwa bei ya kawaida, nacho ni siku za kungoja. Rangi ya mafuta hukauka kwa kugusa baada ya siku moja, lakini ugumu wake hupatikana baada ya wiki. Rangi ya maji ya akriliki hukauka baada ya saa chache, na huchukua hata wiki tatu au nne kukomaa kiasi cha milango miwili kugusana bila kunatana. Muda huo wote inatoa harufu. Kabati lililopulizwa asubuhi na kusafirishwa jioni linamalizia harufu yake chumbani kwa mtoto. Vipande vilivyoegemezwa ukutani kwenye baraza vinaimalizia nje. Kungoja hakuhitaji cheti cha chuo cha ufundi wala mkono wa miaka thelathini. Ni kazi halali, ina faida inayopimika katika hewa ya chumba, na mzazi ndiye pekee anayeweza kuifanya bila kumlipa mtu.

MWALIMU: Hapo nakubali, lakini niongeze vumbi. Vumbi la mbao nalo liko katika kundi hilo hilo la kwanza la saratani, tangu 1995. La MDF ni jembamba kuliko la mti na limechanganyika na gundi. Msasa upigwe nje, barakoa ya kuzuia vumbi usoni, si kitambaa, na mtoto awe kwa bibi yake siku hiyo. Ukimaliza, usifagie kavu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu.

MAMA: Nilitaka anisaidie.

MWALIMU: Atakusaidia siku ya rangi ya mwisho, kama ni ya maji. Mpe rola apake ndani ya mlango wake.

MAMA: Anataka njano. Njano kali, na mishikio myekundu.

MWALIMU: Ndizo rangi zinazonitia wasiwasi zaidi. Njano na nyekundu kali, katika rangi za mafuta hasa, ndizo zilizokuwa zikipatikana kwa kuchanganya madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kikomo ambacho Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linazihimiza nchi kukiweka katika sheria ni sehemu 90 kwa milioni. Usinunue rangi iliyopimwa kutoka kwenye debe kubwa ikamiminwa kwenye chupa ya maji. Nunua kopo lililofungwa, lenye jina la kiwanda na maandishi kwamba halina risasi. Praima ya mafuta, rangi ya juu ya maji, njano yake ataipata.

FUNDI: Mimi katika miaka yangu yote hakuna mteja aliyeniuliza risasi.

MWALIMU: Ndiyo maana nataka aanze huyu, mzee.

Kimya cha Fundi baada ya jibu hilo kisidhaniwe ni kushindwa. Ana hoja aliyokuwa akiishikilia, na naiona ni nzito kuliko zote zilizotangulia.

FUNDI: Sasa mnisikilize na mimi. Serikali inatuambia Made in Rwanda, tununue cha kwetu. Vijana wametoka vyuo vya ufundi, wamejaa Gisozi, wengine wanashinda wamekaa. Mzazi anaagiza ubao uliosafiri kwa lori kutoka bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, anajiunganishia nyumbani, kijana anabaki na kazi ya kusukuma ubao kwenye mashine. Mti wetu nani ataununua? Hii nchi imepanda miti kwenye kila kilima.

MAMA: Mzee, libuyu lenyewe linatoka Congo.

FUNDI: Libuyu sawa. Lakini gereveliya? Pinusi? Mikaratusi?

MWALIMU: Mikaratusi inayouzwa bado ina maji ndani, mzee, unajua. Mlango wa sentimita 45 wa mbao mbichi utajikunja kabla mtoto hajamaliza darasa. MDF hapo inashinda: haina upande wa kukunjia, ukishaifunga vizuri inatulia. Ila kwa rafu naungana nawe. Rafu ya MDF ya sentimita 86, bila kitu katikati, nguo zitaibonyeza. Zaidi ya sentimita 60 siiamini.

FUNDI: Basi katikati msimame ukuta. Upande mmoja fimbo, upande mmoja rafu. Na chini ya rafu, mbele, upigwe ubao mwembamba wa gereveliya, ubebe. Miguu nayo iwe ya mti, isiwe MDF. Sentimita saba tu kutoka sakafuni, maji ya deki yapite.

MAMA: Hiyo miguu na huo ubao nitavinunua kwako.

Kuhusu riziki ya vijana, Fundi ana haki, na jibu la ubao mmoja wa gereveliya halimtoshi. Lakini mzazi aliyepiga msasa kila ukingo kwa mkono wake anajua sasa kazi nzuri inachukua muda gani. Huyo ndiye mteja atakayekubali kulipa kodi ya wiki mbili za kungojea rangi ikomae. Mteja ambaye hajawahi kushika msasa anaona bei mbili na anachagua ya chini. Ikiwa Made in Rwanda itafika kwenye samani za watoto, itafikishwa na wateja wanaouliza daraja la ubao, kopo la rangi na siku za kukausha, na wanaolipia majibu.

Limebaki jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, na mara nyingi halizungumzwi kabisa. Kabati la vipimo vya Mama, lililokwisha kuungwa, litakuwa na kilo 60 au zaidi likiwa tupu. Binti yake ana uzito wa theluthi ya hapo.

MWALIMU: Juni 2016 IKEA iliyaita makabati ya droo milioni 29 nchini Marekani, kwa sababu yalikuwa yakiwaangukia watoto, na watoto walikuwa wamekufa. Mtoto anafungua droo, anapanda kama ngazi. Desemba 2022 Marekani ikatunga sheria inayotaka makabati ya namna hiyo yajaribiwe kwa uzito unaofika kilo 27, uzito wa mtoto. La dada lina milango badala ya droo, lakini mtoto hujining'iniza kwenye mlango, na kabati lenye kina cha sentimita 45 tu huanguka kwa urahisi.

FUNDI: Hilo mwalimu amesema la maana. Tunawauzia watu makabati marefu, tunayasimamisha, tunaondoka. Mama, ukuta wako ni wa nini?

MAMA: Rukarakara, umepigwa plasta.

FUNDI: Basi plagi ya plastiki usiiamini. Kwenye tofali la kuchoma au zege, plagi ya milimita kumi inashika. Rukarakara, tofali la udongo mbichi, linabomoka, plagi inatoka na vumbi lake. Hapo unatoboa ukuta mpaka upande wa pili, unapitisha boliti, na kule nyuma unaweka bamba la chuma pana kama kiganja. Bamba mbili, boliti mbili. Na kwenye kabati ushike ubao wa milimita 18, dari au ubavu. Usishike mgongo, ule wa sita utachanika.

MAMA: Nyumba si yangu, mzee. Ni ya kupanga.

MWALIMU: Basi mwenye nyumba anaulizwa kabla ubao haujanunuliwa.

MAMA: Nitamwuliza leo. Akikataa?

FUNDI: Akikataa, usikate hivyo. Punguza urefu uwe mita moja, kina kiongezwe kifike 60, fimbo ibaki juu, rafu moja. Milango iondoke, weka pazia. Zito litakuwa chini na mlango wa kujining'iniza hautakuwapo.

MWALIMU: Na hata hilo, mzee, mimi ningelifunga. Kwenye kitanda chake, kama ukuta umekataliwa.

FUNDI: Kitanda ni cha mti?

MAMA: Cha mti. Alikitengeneza mwenzako wa Gisozi.

FUNDI: Kitalishika. Ukishajua jibu la mwenye nyumba, leta vipimo nipange mkato. Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi usije asubuhi, tutakuwa kwenye umuganda, kazi za jamii.